Ukija Mwanza na Watu Wako, Anzia Mwaloni

Mama yangu mkubwa alifunua shavu la sato kwa kidole gumba, akalitazama tamvua kwa muda, akamrudisha. Akachukua wa pili. Wa tatu akamnusa. Ilikuwa saa moja kasorobo asubuhi, mwaloni Kirumba, mitumbwi bado inaingia. Muuzaji, kijana aliyevaa buti za mpira, alikuwa amenyamaza akimwangalia, maana alikwisha kutambua kwamba aliyesimama mbele yake anajua samaki. Mama mkubwa ni mtu wa Tanga. Maisha yake yote amekula changu na nguru, na tangu aliposhuka kwenye basi pale Nyamhongolo alikuwa akisema samaki wa maji baridi ananuka tope. "Huyu," alisema hatimaye. "Na yule pale. Niparie magamba, mwanangu, lakini kichwa usikiguse."

Mama huyo aliyeapa kwamba hali samaki wa ziwani ndiye aliyetuchagulia chakula cha mchana, na kuanzia pale safari ikawa yake. Hakuuliza tena tunakwenda wapi. Aliuliza tutapika saa ngapi.

Nimeishi Mwanza miaka kumi na sita, na kila likizo napokea wageni: ndugu, marafiki wa shule, wafanyakazi wenzangu wa zamani na watoto wao. Wengi huniomba niwapangie safari, na nimefikia kuwapa ushauri uleule. Panga mlo kwanza. Kila siku iwe na mlo mmoja mkubwa ambao mnajua mtaula wapi, saa ngapi, nani atanunua na nani atapika. Ukishaupata huo, ndipo uulize asubuhi mwende wapi na jioni mpumzike wapi. Jiji hili la miamba lina mengi ya kutazama, lakini mengi hayo hayana haraka. Jiwe la Bismarck limesimama majini pale tangu zamani na kesho mtalikuta. Tumbo la mtoto wa miaka sita halisubiri.

Hili nimelijua kwa kukosea. Mwaka mmoja nilipokea kaka zangu wawili na familia zao, jumla tulikuwa kumi na mmoja. Niliandika ratiba kwenye karatasi: saa mbili Kisiwa cha Saanane, saa tano Makumbusho ya Bujora, saa nane chakula kando ya ziwa, saa kumi picha kwenye Bismarck, kisha Capri Point kutazama jua likizama. Tulifika kwenye chakula saa tisa na nusu, siku ya Jumapili, mahali pamejaa. Samaki mzima hapikwi akasubiri mteja, anaingia jikoni ukishaagiza. Na tuliagiza kumi kwa mpigo. Sahani zilipofika jua lilikuwa limeshuka, watoto wawili wamelala juu ya viti, shemeji yangu anaumwa kichwa, na kaka zangu wamekwisha kujibizana mara mbili kuhusu gari. Tulikula kimya. Picha za siku ile ni nzuri mno, lakini ukiwauliza wale watoto leo Mwanza kuna nini, wanakumbuka njaa.

Kwa hiyo, mkila nje na mko zaidi ya watano, mpigieni mpishi simu asubuhi. Mwambieni idadi yenu, mnataka sato wa kuchoma wangapi na wa kukaanga wangapi, na mtafika saa ngapi. Kisha fikeni saa hiyo. Huko ni kumheshimu mpishi na kujiheshimu wenyewe.

Kabla ya safari yenyewe, ulizaneni. Watu hudhani wanajuana kwa sababu ni ndugu. Kanda ya Ziwa ina Wasabato wengi, na Msabato hali samaki asiye na magamba, kwa hiyo kambale kwake si chakula hata umpambe vipi. Sato na sangara wana magamba, hao hawana shida. Wako watu ambao ukoo wao una mwiko na samaki fulani. Yuko mwenye kisukari, yuko mama mjamzito ambaye harufu ya dagaa inamgeuza tumbo, yuko kijana aliyeacha nyama mwaka huu na bado hajawaambia wazee. Swali dogo kwenye simu wiki moja kabla linaokoa uso wa mtu mbele ya meza.

Na fedha zizungumzwe mapema, waziwazi. Njia iliyotufaa sisi ni fuko moja: kila familia inachanga kwa uwezo wake kabla ya kuondoka, mtu mmoja anashika, analipa kila kitu, na jioni anasoma matumizi. Kuna ambaye mwaka huu hana. Anayeshika fuko amalizane naye kwa siri, ampe kazi ya kufanya, mathalani kubeba ndoo, kuwasha jiko au kuangalia watoto, na wengine wasijue nani katoa ngapi. Nimeona udugu wa miaka thelathini ukitikiswa na bili ya soda kwa sababu hili halikusemwa nyumbani.

Sasa turudi mwaloni, maana hapo ndipo nataka ukae kidogo.

Fika mapema, kabla ya saa moja na nusu ikiwezekana, na nenda na mtu mzima mmoja anayependa kupika na mtoto mmoja anayependa kuuliza. Sato mbichi wa leo ana jicho linalong'aa, lililojaa. Likizama na kuwa na ukungu, huyo ni wa jana au wa juzi. Tamvua liwe jekundu, si la kahawia. Mbonyeze ubavuni: nyama ikirudi, nunua, shimo likibaki, sogea mbele. Harufu iwe ya maji, si ya kukufanya ugeuze uso. Na angalia ukubwa. Sheria inakataza sato wa chini ya sentimita 25 na sangara wa chini ya sentimita 50, kwa sababu hao hawajazaa. Utawaona wakiuzwa kwa bei ya kuvutia. Usiwanunue, na mweleze mtoto uliyekwenda naye kwa nini umewaacha.

Hapo hapo kuna somo kubwa la ziwa, na mzee yeyote wa mwaloni atakusimulia ukimwamkia vizuri. Sangara hakuwa wa hapa. Aliingizwa ziwani kuanzia miaka ya 1950, akakua, akawala furu, wale samaki wadogo wa aina mamia waliokuwa wamejaa ziwa hili. Hata sato tunayemsifu leo aliletwa miaka hiyohiyo, na wazee bado wanamtaja ngege, samaki wa asili, kwa sauti ya mtu anayemtaja ndugu aliyehama. Sangara akaleta viwanda vya minofu, ndege za mizigo na ajira. Minofu ikaenda Ulaya, na mifupa yenye nyama kidogo, mapanki, ikabaki kuwa kitoweo cha wenye kipato kidogo. Bondo lake, lile puto la ndani, leo linatafutwa sana na huuzwa ghali mbali na hapa. Mwulize mvuvi habari hizo huku samaki wako wanaparwa magamba. Mtoto akisikia hayo amesimama kwenye maji ya samaki, hatasahau.

Kuhusu kupika, kwa mgeni wa mara ya kwanza nashauri mchemsho. Kukaanga kunaficha samaki, mchemsho unamwonyesha. Mama mkubwa alipika hivi, kwenye sufuria pana, nyuma ya nyumba yangu: alimchanja sato mistari mitatu kila ubavu, akamsugua chumvi na ndimu, akamwacha kama nusu saa. Hiyo ndimu ndiyo iliyomaliza ugomvi wake na tope. Chini ya sufuria akatandika vitunguu na nyanya nyingi zilizokatwa duara, karoti na pilipili hoho kidogo, samaki juu, pilipili mbuzi nzima moja bila kupasuliwa ili itoe harufu tu, maji yasiyofika nusu ya samaki. Akafunika. Moto wa wastani, bila kugeuza, mpaka mchuzi ukawa mzito kidogo na jicho la samaki likawa jeupe. Mafuta hakutia. Aliuonja mchuzi kwa kijiko, akanyamaza, akaonja tena. "Mbona hamkuniambia?" akasema.

Pembeni pawe na ugali. Ukibahatika kuwa na mwenyeji wa huku, omba wa muhogo, ule unaovutika, au wa mtama, maana wa sembe mtaupata popote nchini. Asubuhi, badala ya mkate, tafuteni michembe na matobolwa. Vyote ni viazi vitamu vilivyokaushwa kwa Wasukuma: michembe hukatwa vibichi na kuanikwa, matobolwa huchemshwa kwanza ndipo vikaanikwa. Matobolwa na karanga na chai ya maziwa ni kifungua kinywa cha kukaa nacho saa nzima mkizungumza.

Mle kwenye sinia moja pale mnapoweza. Watoto wapeni sangara, mifupa yake ni mikubwa na huonekana, ilhali sato ana miiba midogo inayohitaji vidole vyenye uzoefu. Mtu mzima akae katikati ya watoto wawili awachambulie. Simu zikae kwenye kikapu. Nalisema hili kwa moyo wote: mlo huo mmoja ndio uliotumia nauli kuufikia.

Mkishapanga hivyo, vivutio hupata nafasi yake. Saanane ni ya asubuhi ya mapema. Boti kutoka Capri Point inachukua dakika chache tu, hifadhi yenyewe ina kilomita za mraba 2.18, kwa hiyo saa mbili zinatosha, na saa sita mko nyumbani kwenye samaki. Kisiwa hicho kilikuwa bustani ya wanyama mwaka 1964, kikawa hifadhi ya taifa mwaka 2013, na kimebeba jina la mzee Saanane Chawandi aliyekuwa akiishi hapo kabla ya hayo yote. Mwenye magoti mabovu abaki chini kivulini, pimbi na mijusi watamfuata huko huko.

Bujora ipewe siku yake. Ni pale Kisesa, barabara ya Musoma, na kilichopo ni kazi ya maisha ya Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada aliyekusanya ngoma, viti vya watemi, zana na nyumba za Wasukuma akishirikiana na wenyeji. Ukija mwezi Juni, wakati wa Bulabo, utakuta Wagika na Wagalu wakishindana kucheza, kila upande ukivuta watazamaji kwa vituko na dawa. Nenda na mkeka, maji, karanga na viazi vya kuchemsha, keti chini ya mti, kaa nusu siku. Msalimie mama wa pembeni yako "mwangaluka" asubuhi hiyo, naye atakusogezea nafasi na kukueleza nani anashinda.

Watoto watataka kuogelea. Hapa nakuwa mkali. Kingo za ziwa zenye nyasi na maji yaliyotulia zina konokono wanaobeba vijidudu vya kichocho cha tumbo, na vijidudu hivyo huingia kwa kupenya ngozi, havihitaji uyanywe maji. Sehemu nyingine zina mamba na viboko. Chezeni ufukweni kwenye mchanga, rusheni mawe, ogeleeni kwenye bwawa la hoteli. Kama mtu ameshaingia ziwani, wiki kadhaa baadaye mpelekeni akapimwe, dawa ipo.

Dagaa wanahitaji ukurasa wao, maana wanapanga hata tarehe ya safari. Huvuliwa usiku kwa taa, zamani karabai, siku hizi taa za betri na sola. Mwanga huwavuta juu, wavu unawazoa. Mwezi ukiwa mpevu taa haina nguvu, na wavuvi wengi hupumzika mpaka giza lirudi. Kwa hiyo tazama mwezi kabla ya kukata tiketi. Ukija siku za giza, jioni keti mahali palipoinuka, na saa mbili usiku utaona taa zikiwashwa ziwani moja moja hadi upande ule ukafanana na mji. Nimewaona wachumba wawili wakikaa mbele ya taa hizo saa tatu bila kuagiza kitu zaidi ya chai. Asubuhi yake ndipo ununue. Uliza kama wamekaushwa kwenye chanja au kwenye mchanga, na lipa zaidi kwa wa chanja, la sivyo utatafuna mchanga nyumbani kwako. Kuwapika ni rahisi: waoshe kwa maji ya vuguvugu, wakaushe kikaangoni, kisha kitunguu, nyanya na karanga zilizotwangwa.

Mkiwa na siku mbili za ziada, vukeni kwenda Ukerewe, kisiwa kikubwa kuliko vyote ziwani. Meli kutoka Mwanza hadi Nansio huchukua saa tatu na zaidi kidogo, au mnapita barabarani kwa Bunda hadi Kisorya na kuvuka kwa kivuko kwenda Rugezi. Msiende na kurudi siku moja. Na kwenye maji, sikilizeni neno la mtu aliyeishi hapa. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama ikikaribia Mwanza, na makaburi ya waliokufa yako Igoma. Tarehe 20 Septemba 2018 MV Nyerere ilipinduka ikiwa imebakiza hatua chache kufika Ukara, siku ya gulio. Kivuko kikiwa kimejaa kupita kiasi, teremkeni, hata kama mizigo imeshapakiwa na watu wanawacheka. Vaeni maboya. Chagueni asubuhi, maji yakiwa yametulia. Laleni gesti usiku mmoja zaidi, chakula cha ukweni kitapashwa moto.

Kwangu mimi Ukerewe ndiyo ukweni, na safari ile tulimpeleka mama mkubwa akaonane na mama mkwe wangu. Kisiwa hicho ndicho alikotoka Aniceti Kitereza, aliyemaliza kuandika kwa Kikerewe mwaka 1945 ile hadithi ndefu ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, akaifasiri mwenyewe kwa Kiswahili. Mume katika hadithi hiyo anatakiwa apeleke mitungi ya pombe ya ndizi ukweni ili arudishiwe mkewe, na kurasa nyingi ni za watu kupokeana, kupikiana na kuagana. Ukiisoma kabla ya kuja, utaelewa kwa nini huku mgeni haulizwi kama amekula. Mimi nilibeba sukari, mchele na kitenge. Mama mkubwa akaamkia "Shikamoo dada", maana mama mkwe ni mkubwa kwake, akajibiwa "Marahaba, mdogo wangu, karibu nyumbani."

Walituwekea ugali wa muhogo, sato wa mchuzi na machungwa ya shambani. Kichwa cha samaki kiliwekwa mbele ya mama mkubwa kwa kuwa ndiye mgeni. Alikitazama, akakipasua katikati kwa mikono miwili, nusu akamwekea mama mkwe wangu. Wale wazee hawakuwa na lugha moja ya nyumbani. Walikula vichwa vile taratibu, wakinyonya mfupa mmoja baada ya mwingine, wakionyeshana kipande kitamu kilipo, na sisi wengine tukawa kama hatupo. Siku ile hatukwenda kuona kitu kingine.

Zawadi za kurudi nazo zipangwe kichakula. Samaki wa kukaanga wakauke kabisa na wapoe kabla ya kufungwa, wazungushiwe gazeti, waingie kwenye boksi la katoni lenye matundu. Wabichi wagandishwe usiku kucha na wasafiri kwenye boksi la baridi. Dagaa wafungwe mifuko miwili, wawe mbali na nguo. Anayerudi kupitia upande wa Geita akumbuke mananasi, na sasa hakuna tena foleni ya kivuko: daraja la Kigongo hadi Busisi, kilomita 3 juu ya maji, lilifunguliwa Juni 2025, na gari linavuka kwa dakika chache pale tulipokuwa tukikaa saa nzima tukila mahindi ya kuchoma.

Mama mkubwa aliondoka na sado mbili za dagaa na sato sita wa kukaanga. Alipofika Tanga aliwagawia majirani, akawaeleza habari za chanja na mchanga kama mzaliwa wa Kirumba. Miezi mitatu baadaye akanipigia simu usiku. Baada ya salamu na habari za watoto, akauliza: "Hebu toka nje uniangalizie. Huko kwenu giza limeanza?"